Nimelala Usingizi

Aliingia saluni saa tatu,
mvua ya Tukuyu imemsindikiza hadi kizingitini,
mfuko wa nailoni kichwani, kandambili mkononi.
"Ugonile," akasema.
Salamu yetu huuliza kama umelala,
na hakuna anayeijibu kwa ukweli.
Akakaa kwenye kiti cha kuzunguka
kama aliyeitwa ofisi ya kijiji,
magoti pamoja, asithubutu kuzunguka.

"Leo sendofu ya Atuganile.
Baba yake anakuja. Na yule wa Kyela.
Wamewekwa meza ya mbele, nami meza hiyo hiyo.
Sitaki anione nimepakwa.
Nataka anione nimelala usingizi."

Nikainua kidevu chake kwa vidole viwili.
Uso wa mchuma chai:
paji limekunjwa na ukungu wa asubuhi,
midomo imepasuliwa na Julai,
kingo zake nyeusi kwa uji wa moto
unaonywewa wima kabla ya mizani kufika shambani.
Na jicho la kulia limeshuka kidogo kwenye kona,
kama pazia lililokosa msumari mmoja.

Nilianza na midomo.
Sukari kijiko, asali kidogo, nikasugua taratibu.
Akailamba.
"Hii si ya kula, mama Atu."
"Basi usiiweke mdomoni."

Penseli ya wanja ilikuwa ngumu kwa baridi,
nikaibana kwapani kama kipimajoto
huku namfuta poda iliyozidi puani.
Mstari nikauanza mwembamba, karibu na pua,
nikaunenepesha ukielekea nje,
nikaukatisha kabla ya ngozi kuanza kuteremka,
nikaurusha juu. Kidogo tu.
Jicho lililoshuka halivutwi kwa nguvu;
linasingiziwa.
Chini ya kope sikugusa,
maana wanja wa chini huhesabu usiku
na zake zilikuwa za miaka tisa.

"Tazama juu."
Akatazama bati.
Jicho la kushoto likajaa.
"Ni brashi," akasema.
"Ni brashi," nikasema.
Brashi ilikuwa bado koponi.
Tukangoja, mimi na yeye na mvua,
nikampa tishu akajifuta kwa kugusagusa,
bila kuuliza, kama aliyezaliwa saluni.

Rangi ya mdomo ndiyo ilitusumbua.
Nyekundu ingesema amekuja kugombana.
Ya waridi ingeomba radhi.
Nikafungua moja ya kahawia, akauliza jina lake,
nikasoma kifunikoni: kakao.
"Ya Kyela hiyo. Toa."

Nikachanganya mabaki ya mbili juu ya kiganja
mpaka ikaja rangi ya maharage mekundu
yaliyolowekwa usiku kucha.
Sikuchora. Niligonga kwa ncha ya kidole,
katikati kwanza, pembeni ikaenda yenyewe,
ikakutana na weusi wa uji
wakaelewana.
"Ng'ata tishu."
Akaing'ata kwa adabu, macho amefumba,
kama yuko Meza ya Bwana.

Kisha nikamgeuzia kioo.

Alikaa nacho muda mrefu.
Akatabasamu upande mmoja, akaufuta,
akajaribu upande wa pili.
Akazungusha kiti.
"Sijapakwa," akasema.
"Hujapakwa. Elfu saba."
"Nina tano."

Jumatatu alirudi na chane mbili za ndizi za deni,
buti za mpira miguuni, tenga mgongoni,
midomo imerudia Julai yake;
lakini kwenye kona ya jicho la kulia
uzi mmoja wa wanja ulikuwa umebaki,
aidha sabuni haikuufikia
au yeye aliizuia.

"Ugonile," nikamuwahi.
Akacheka tu, akatua ndizi.
"Alikuona?"
"Nani?"
"Baba Atu."
"Sijui. Nilikuwa nacheza."

Akageuka kwenda, akasimama mlangoni,
matone yanamdondokea begani:
"Ile penseli ya kwapani,
huwezi kunikatia nusu?"